Nambari ya Marehemu Kyule

Kanga walikuwa sita, wamepangwa juu ya meza ya ukaguzi kuanzia mdogo hadi mkubwa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na dosari. Kilonzo aliwapapasa mmoja mmoja kwa mkono wake wa kulia, ule wenye vidole vyote. Shingo zilikuwa laini. Miguu imekaa sawa kwenye kibao. Madoa ya mbawani yalikuwa yamechomwa kwa waya wa moto, doa baada ya doa, kwa subira ambayo nusu ya wanaume wa banda lile hawakuwa nayo. Kisha akachukua chaki nyekundu, akawageuza na kuwatia wote mkato chini ya kibao. Kazi yenye mkato mwekundu haiingii dukani.

"Wana nini?" akauliza Mbithe, aliyewachonga.

"Hawajafika kiwango."

"Kiwango gani, shemeji?" Mbithe hakupandisha sauti. "Niambie ni shingo au ni miguu, nikarekebishe."

Kilonzo akaangalia pembeni. "Peleka tu nyumbani, Mama Mwende. Tutaongea."

Waliokuwa wakichonga karibu waliacha kuchonga. Wote walijua kwamba Mbithe anawashinda kwa mkono, na wote walijua nani ameamuru ile chaki. Basi mwanamke akawarudisha ndege wake ndani ya gunia, akalifunga kwa kamba, akatoka kupitia lango la Ushirika wa Wachongaji wa Kisiki, pale Njiru, Nairobi, huku wanaume zaidi ya mia moja wakijifanya wanatafuta kitu kwenye maranda. Wanaume wazima, hao, wenye ndevu na wake na vyeo kanisani.

Ili uelewe uchafu wa jambo lile, lazima ujue nambari ni nini pale Kisiki. Kila mchongaji ana nambari yake, na huikata kwa kisu chini ya kila kazi anayoitoa. Mwenye nambari ana nafasi yake chini ya banda, ana rafu yake dukani ambako watalii huletwa, na ana kura. Asiye na nambari huwapigia wenzake msasa kwa kibarua, na wapiga msasa wote wa Kisiki ni wanawake. Mchongaji akifa, nambari haizikwi naye. Humwendea mkewe au mtoto wake, ndivyo ilivyokuwa tangu banda lile lilipoezekwa mabati ya kwanza. Hata walevi wa ushirika walipokufa, nambari zao zilikwenda nyumbani kwao bila mtu kuuliza swali.

Nambari kumi na saba ilikuwa ya Kyule, mume wa Mbithe. Kyule na Kilonzo walikalia gogo moja miaka tisa, mgongo kwa mgongo, wakigawana chai ya chupa na kusengenya watu wa kwao. Baadaye vumbi likamwingia Kyule kifuani. Miaka mitatu ya mwisho hakuwa na nguvu ya kuinua tezo ya kuchongea, na kazi zote zilizotoka na nambari kumi na saba zilichongwa na Mbithe, nyumbani, mlango umefungwa. Alipolazwa mara ya mwisho, mwezi wa tatu, Kyule alimshika Kilonzo ule mkono wenye kasoro na kumwambia maneno machache, maana pumzi ilikuwa ndogo. "Nambari yangu. Mbithe asizungushwe."

"Hatazungushwa, ndugu yangu," Kilonzo akamjibu.

Hatazungushwa. Na sasa ulikuwa mwezi wa kumi, mjane ameandika barua tatu, na yule yule aliyeahidi ndiye anayemtia ndege wake chaki. Ukitaka kukasirika, anzia hapo.

Aliyekuwa anamzungusha ni mwenyekiti, Nyamai. Huyu alikuwa katika mwaka wake wa kumi na nne kitini, na kiti chenyewe alikipata kwa ubaya. Mwenyekiti wa kwanza, Mzee Muindi, alimlea Nyamai kikazi, akamfundisha kuchonga kifaru mpaka mikunjo ya shingo. Nyamai akamlipa kwa kumzushia kwamba anauza magogo ya wanachama kisirisiri. Siku moja asubuhi Mzee Muindi akakuta kigoda chake nje ya lango na vifaru wake wananyeshewa. Alirudi kwao Wamunyu, na mwaka uliofuata akafa kwa kile daktari alichokiita presha na wanawe wanachokiita Nyamai. Halafu magogo yakaanza kupotea kwelikweli. Aliyeuliza magogo ya muhugu yamekwenda wapi alifungiwa nambari. Akiuliza ndugu yake, naye alifungiwa. Watu wakajifunza kutouliza, wakajifunza na kucheka mwenyekiti anapotania, hata utani ukiwa wa juu ya mama zao.

Kyule aliuliza. Alisimama kwenye mkutano wa mwaka jana, kifua kinafanya kazi kama mvukuto, akasema, "Mwenyekiti, lori la Agosti lilikuwa na magogo arobaini. Sisi tumeona kumi na moja." Aliuliza hivyo tu, akaketi. Nyamai alitabasamu na kumshukuru kwa swali zuri, na Kyule alipokufa, akaanza kumlipiza kisasi maiti kupitia kwa mkewe. Barazani alisema mila haziruhusu mwanamke kushika tezo. Mila gani, mwenyewe hakuitaja.

Na Kilonzo je, alikuwa mtu mbaya? Laiti angekuwa mbaya, tungemtemea mate tukamaliza. Kilonzo alikuwa mtu wa shukrani, na shukrani ndiyo iliyomla. Mwaka ule tezo ilipomponyoka ikamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, alijua maisha ya Nairobi yamekwisha, akaanza kufunga mizigo. Nyamai ndiye aliyekuja nyumbani kwake, akaketi kwenye kitanda, akamwekea kiganja begani, akamwambia, "Mkono umekwenda lakini macho yapo. Utakuwa mkaguzi wangu." Watoto wa Kilonzo walisoma kwa chaki ile. Miaka kumi, kila alipoambiwa "huyu mrudishie," alimrudishia, akajiambia kwamba mtu hamkatai aliyemwokoa.

Jumapili, baada ya ibada, Mbithe alikwenda nyumbani kwa Kilonzo pamoja na Laban. Huyu Laban alikuwa nambari hamsini na mbili, mtu wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa mitaa hii hii, na ndiye mtu wa kwanza katika miaka kumi na nne aliyethubutu kusema kwamba atasimama dhidi ya Nyamai kwenye uchaguzi wa Jumamosi. Kavinya, mke wa Kilonzo, aliwaandalia chai na mihogo, halafu badala ya kwenda jikoni akavuta kiti na kuketi nao. Yeye mwenyewe alikuwa mpiga msasa wa Kisiki.

"Mzee, niende straight," Laban akasema. "Watu wamechoka, lakini wanaogopa. Wakikuona wewe umetoka kwa Nyamai, watatoka. Usipotoka, hao wataganda hapo hapo."

Alisema kweli. Katiba ya Kisiki ilitaka kura ya mlolongo: wagombea wanasimama uwanjani, na kila mwanachama anakwenda kusimama nyuma ya mtu wake, mchana kweupe, kila mtu anamwona kila mtu. Nyamai alikuwa amekataa masanduku ya kura mara tatu. Alipenda kuwaona watu migongo na nyuso, na kujua Jumatatu aanze na nani.

"Na magogo," Mbithe akaongeza. "Shemeji, wewe unajua magogo yalikokwenda."

Kilonzo alijua. Lori la Agosti alilipanda yeye mwenyewe, kama mkaguzi. Magogo kumi na moja yalishushwa Njiru, na ishirini na tisa yakapelekwa kwenye karakana ya mabati karibu na Mukuru kwa Reuben, ambako vibarua walikuwa wakitoa twiga kwa mashine, hamsini kwa siku, wote na nambari ya Nyamai. Aliambiwa atie sahihi, akatia. Jambo hilo lilikuwa limemkaa kooni mwaka mzima na zaidi.

"Nikisema, kazi sina," akasema.

"Na usiposema," Kavinya akamgeukia, "mimi nitakaa vipi na wale akina mama? Kila siku wananiuliza mume wangu anakula nini ambacho wao hawali."

Kilonzo akamtazama Mbithe. "Labda kuna njia nyingine ya kukupatia nambari. Naweza kumwomba Mwenyekiti, taratibu, mimi na yeye."

"Sitaki nambari ya kuombewa," Mbithe akasema. "Ni yangu. Nimeichonga miaka mitatu usiku na mchana, na mume wangu aliichonga kabla yangu. Usimwombe mtu chochote kwa jina langu. Simama tu, useme ulichokiona."

Kilonzo akapumua kwa nguvu. Kisha akanyoosha mkono, Laban akaushika, Mbithe akaushika. "Jumamosi nitasema. Na nitasimama nyuma yako, Laban." Usiku ule alilala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Jumanne saa sita, simu. Mwenyekiti anamwita kwake Donholm, aje wale chakula cha mchana.

Watu kama Nyamai hawakosi masikio. Nani alimpelekea habari, hilo hatujui mpaka leo, na huenda hakuhitaji mtu, kwa maana alikuwa na miaka kumi na nne ya kunusa. Kilonzo alimkuta sebuleni, suruali ya kitambaa, soksi bila viatu, supu ya mbuzi mezani. Nyamai alimkaribisha kama ndugu. Alimwuliza habari za watoto kwa majina yao, wa Machakos na wa Voi, akamwongezea nyama mara mbili. Ndipo akafuta midomo.

"Laban amekuja kwako."

Kilonzo angeweza kusema hapana. Angeweza kusema ndiyo, amekuja, na nimemkubalia. Yote mawili yangekuwa ya kiume. Yeye alitikisa kichwa kukubali, kidogo sana.

"Na yule mama?"

Akatikisa tena. Hapo, kabla hata ya uwanja na mlolongo, tayari alikuwa amewauza.

Nyamai hakukasirika. "Kilonzo, mimi sikulaumu. Wewe una roho ya huruma, na Kyule alikuwa rafiki yako. Mimi pia nilimpenda." Alisema hivyo bila kupepesa. "Kosa langu ni kiburi. Nilitaka yule mama aje aniombe kama mwenyekiti. Hakuja, basi na mimi nikashupaa. Sasa tufanye hivi. Jumamosi wewe simama nyuma yangu kama siku zote. Kura zikishahesabiwa, jambo la kwanza nitakalosoma ni nambari kumi na saba."

"Kweli?"

Nyamai akainuka, akaingia chumbani, akarudi na tezo yake. Akamwekea Kilonzo mkononi.

Pale Kisiki mtu hagusi tezo ya mwenzake. Mpini hukatwa kwa kipimo cha kiganja cha mwenyewe, na ukali wa bapa hunolewa kwa mazoea ya mkono mmoja, hata kumwazima ndugu yako hutaki. Ukimpa mtu tezo yako akae nayo, umemwambia kwamba hutafanya kazi mpaka utimize neno lako. Watu wamefunga posa kwa tezo pale, wamemaliza ugomvi wa mashamba kwa tezo. Kiapo cha mdomo mchongaji anaweza kukikana, lakini kumbukumbu ya Kisiki haikuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuikana tezo. Kilonzo aliushika ule mpini kwa vidole vyake vinane. Hakuna aliyekuwa amempa tezo tangu siku ya ajali.

Akarudi nyumbani amebadilika. Alijipigia hesabu zake kwa siku tatu: akisimama na Laban, huenda Laban akashindwa, na Mbithe asipate kitu. Akisimama na Nyamai, Mbithe anapata nambari kwa hakika, na ahadi ya marehemu inatimia. Hesabu ilionekana safi. Hakumwambia Kavinya, hakumwambia Laban. Wala hakumwambia Mbithe, aliyemkataza kwa mdomo wake mwenyewe kumwomba mtu chochote. Aliifunga tezo kwenye kitambaa, akaitia kwenye mkoba, akajiona mtu mwerevu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mtu mwema akianza kujiona mwerevu, jamani, kimbia.

Jumamosi uwanja wa shule ya jirani ulijaa. Wanachama walikuwa mia moja ishirini na tisa, wamezungushiwa kamba ya katani, na nje ya kamba walisimama wapiga msasa, Kavinya na Mbithe mbele kabisa, kwa sababu asiye na nambari haruhusiwi kuvuka. Mwalimu Lydiah, mstaafu anayeheshimika mtaani, alikuwa ameombwa ahesabu. Alimweka Nyamai upande wa goli moja na Laban upande wa goli la pili, akapuliza kipenga.

Hakuna aliyesogea. Watu zaidi ya mia walisimama katikati, mikono mifukoni, na macho yote yakamtafuta Kilonzo. Ilikuwa kama Laban alivyosema. Laban mwenyewe alikuwa anamtazama, hana wasiwasi, hata alimwinulia kidole gumba. Kule kwenye kamba Mbithe hakuwa anatabasamu wala kununa, alikuwa anangoja tu.

Kilonzo akaanza kutembea. Mkoba ulikuwa begani na tezo ilikuwa inamgonga nyonga kila hatua. Alitembea bila kumwangalia mtu, akapita alama ya katikati ya uwanja, akageuka kulia, akaenda kusimama nyuma ya Nyamai.

Sauti iliyotoka kwa watu haikuwa kelele. Ilikuwa ule mguno wa mtu aliyeketi kwenye kiti akakuta hakipo. Nyamai hakugeuka hata kumtazama. Wazee wakaanza kumfuata Kilonzo, mmoja, watatu, kumi, kila mmoja na kichwa chini. Wengine waliokuwa wameshapiga hatua mbili kuelekea kwa Laban wakageuza miguu. Laban alibaki na vijana, na wachache walioshiba matusi kiasi cha kutojali tena, na wawili kati ya wana wa Mzee Muindi. Mwalimu Lydiah akapita akigusa mabega, akahesabu mara mbili. Nyamai, sabini na mmoja. Laban, hamsini na wanane. Wangehama saba tu, mambo yangekuwa mengine, na waliomfuata Kilonzo walizidi thelathini.

Kavinya alimwita mumewe kwa jina kutoka kwenye kamba, mara moja. Kilonzo akamwonyesha kiganja, kama kusema ngoja, subiri, utaona. Alikuwa bado anajua anachofanya, maskini.

Nyamai akapewa kipaza sauti. Aliwashukuru wote, waliomchagua na wasiomchagua, akasema ushirika ni familia. Kisha akatoa karatasi mfukoni.

"Jambo la kwanza," akasema, na Kilonzo akavuta pumzi, "ni nambari kumi na saba, ya marehemu Kyule, Mungu amrehemu. Kamati imeamua nambari hiyo isikae bure. Tumemkabidhi mkwe wangu, mume wa binti yangu Clare, ambaye anajiunga nasi rasmi leo. Jambo la pili. Nambari hamsini na mbili, ya Laban, imefungwa kuanzia sasa kwa kosa la kufanya mikutano ya faragha nyumbani kwa watumishi wa ushirika."

Mume wa Clare. Kijana muuza simu wa Donholm, asiyeweza kutofautisha tezo na jembe. Alikuwa pale pale, viatu vyeupe, akipunga mkono.

Kilonzo alitoka kwenye mstari, akafungua mkoba, akafungua kitambaa, akainua tezo juu kila mtu aione. "Mwenyekiti," akasema, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, "hii ni yako. Ulinipa Jumanne, nyumbani kwako. Ulisema nambari kumi na saba ni ya Mbithe."

Hapo wazee walishtuka kweli. Tezo ya mtu mkononi mwa mwingine, na neno limevunjwa mbele za watu. Wengine walisogea nyuma kana kwamba kitu kile kinaunguza.

Nyamai aliitazama ile tezo, akacheka kidogo, bila chuki yoyote. "Kaa nayo, Mkaguzi. Mimi sijachonga miaka kumi na nne. Nitaifanyia nini?"

Na ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli siku zote, na kila mtu pale alijua, na Kilonzo alijua kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye mkaguzi, na katika miaka kumi hakuwahi kukagua kazi ya mkono wa Nyamai. Tezo ni rehani kwa mtu anayeihitaji kesho asubuhi. Alikuwa amepokea rehani ya kitu ambacho mwenyewe alishakitupa. Ukweli ulikuwa mbele ya pua yake siku ile kwenye ule mpini laini uliopakwa mafuta, usio na alama hata moja ya jasho, na mkaguzi mzima hakuukagua.

Basi akasema yote. Alisema lori la Agosti, magogo arobaini, kumi na moja Njiru, ishirini na tisa Mukuru kwa Reuben. Alisema karakana ya mabati, mashine, twiga hamsini kwa siku. Alisema sahihi ni yake. Alisema kwa Kiswahili, akachanganya Kikamba, akarudia majina na tarehe, mishipa ya shingo imemtoka, na kila neno lilikuwa la kweli, na lilikuwa limechelewa kwa robo saa.

"Mkaguzi," mzee mmoja akamkatiza, kutoka ule ule mstari wa Nyamai, "hayo ulikuwa unayajua ulipokuwa unatembea kuja huku?"

Kilonzo akaishusha ile tezo.

"Maana mimi nilikufuata wewe," mzee akaendelea. "Nilikuwa naelekea kwa Laban. Nikasema, kama Kilonzo amekwenda kule, na yeye ndiye anayejua ya ndani, basi maneno ya magogo ni uongo."

"Mbuzi sisi," mtu mwingine akasema, akaanza kuondoka.

Mwalimu Lydiah alikunja daftari lake. Matokeo yalikuwa yameandikwa, na yeye hakuwa na uwezo wa kuyafuta. Laban alikuwa ameketi chini kwenye nyasi, mikono juu ya magoti, vijana wake wamemzunguka. Mbithe aliinua ile kamba ya katani, akapita chini yake, akatembea mpaka alipokuwa Kilonzo. Hakuna aliyemzuia.

"Shemeji," akasema. "Nilikuomba nini?"

"Nisimame. Niseme."

"Na ulifanya nini?"

"Nilisimama huku kwa ajili yako," Kilonzo akasema, machozi yanamtoka waziwazi. "Haki ya Mungu, Mama Mwende. Nilitaka upate nambari. Nilimwahidi Kyule."

"Kyule hakukutuma kwa Nyamai. Na mimi nilikukataza." Sauti yake ilikuwa ile ile ya kwenye meza ya ukaguzi. "Mimi nilikuwa na watu hamsini na wanane leo, na wengine njiani. Sijawahi kuwa na watu wengi hivyo maishani. Ungeniacha nishindwe nao, ningerudi kesho. Sasa nitawaambia nini waje tena?"

Mbithe alimngoja kwa heshima, muda wa kutosha kabisa kama angekuwa na la kusema, kisha akaenda akampa Laban mkono, akamwinua. Wapiga msasa wakaanza kukusanya leso na mabegi yao. Kavinya aliondoka nao, akiwa amemshika Mbithe kiwiko, na ingawa Kilonzo alimwangalia mpaka wakafika kwenye barabara ya lami, hakugeuka nyuma.

Nyamai alimaliza kupokea mikono ya pongezi. Alipopita kwenda kwenye gari lake alimkuta Kilonzo amesimama pale pale, tezo imening'inia mkononi, na akamwekea kiganja begani kwa upole, kama alivyofanya miaka ile kwenye kitanda.

"Pole, Mkaguzi," akasema. "Hasira za leo nimekusamehe. Jumatatu uje mapema, kuna kazi za Laban zimebaki rafuni, utazipitia."

Kilonzo alitaka kuutupa ule mkono. Alitaka kwa mwili wake wote, na alikuwa na tezo, na hapakuwa na mtu wa kumshika. Lakini mkono ulikaa begani mwake mpaka Nyamai mwenyewe alipoamua kuuondoa.